Barua ya wazi: Mama ana miaka 85, kadi inasema 77, na jibu ni "pesa zitatoka wapi?"

Walukuba, Jinja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi;
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii;
Nakala kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Uganda.

Kuhusu: Ruzuku ya wazee na swali la kama Serikali inaweza kuimudu

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilishika chaki miaka 36, sehemu kubwa nikifundisha hesabu, nikastaafu mwaka 2022 nilipofikisha miaka 60.

Sikuanzia hadharani. Barua ya kwanza kuhusu ruzuku ya wazee, zile pesa ambazo Serikali huwalipa kila mwezi, niliipeleka kwa mkono gombolola, yaani ofisi ya utawala iliyo chini ya wilaya, ya kijijini kwa mama (sitaitaja, makarani wake wanafuata amri tu). Ya pili niliipeleka wilayani. Ya tatu niliituma Kampala. Kwa zote tatu nimepata jibu moja, tena la mdomo, kutoka kwa kijana mmoja mwenye adabu sana aliyenipa kiti kabla ya kunijibu: "Mwalimu, sisi tunawapenda wazee wetu. Lakini pesa zitatoka wapi?"

Kijana yule hakunikosea. Swali lake ni zuri, na dunia nzima inaliuliza. Mimi linanikera kwa sababu hapa kwetu linaulizwa mlangoni kwa mzee tu. Kwenye milango mingine pesa hupita bila kuulizwa zimetoka wapi. Kwa hiyo nimekaa na kalamu nikajaribu kulijibu, na malalamiko yangu nimeyapa namba ili atakayejibu asipate taabu.

1. Umri wa miaka 80.

Mpango huu, ambao kila mtu anauita SAGE, ulizinduliwa 2010 katika wilaya 15 za majaribio, sehemu kubwa ya fedha ikitoka Uingereza na Ireland. Wakati huo mzee wa Kaberamaido au Kiboga alihitaji miaka 65, na Karamoja ilitosha 60. Kuanzia 2015 mkaongeza wilaya, lakini katika hizo mpya mkachukua wazee 100 tu kwa kila gombolola, wale wenye umri mkubwa kuliko wote. Waheshimiwa, hebu fikirieni kuwa wa 101. Ukisikia ngoma ya msiba kijiji cha pili hujui ulie au ujiandae.

Kisha mwaka wa fedha 2020/21 mpango ukaenea nchi nzima, umri ukawekwa 80. Kuenea ni jambo jema na sipingi. Ila nauita kwa jina lake: mliongeza wilaya kwa kupunguza watu. Katika nchi ambayo umri wa kuishi kwa wastani haufiki miaka 70, mfuko unaomsubiri mtu afike 80 hauwezi kufilisika, kwa sababu wenye kuudai wengi wao wako kaburini.

Bismarck kule Ujerumani alipotunga sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, na hakuwa mtu wa huruma nyingi, aliweka miaka 70. Waingereza walipoanza kulipa wazee wao shilingi 5 kwa wiki, Januari 1909, waliweka 70 pia. Majirani zetu? Zanzibar ilianza Aprili 2016 kulipa kila mzee wa miaka 70. Kenya, kupitia Inua Jamii, nayo ni 70. Busia ni mji mmoja wenye mpaka katikati. Upande wa pili bibi wa miaka 72 anapokea shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Upande wetu dada yake anaambiwa arudi baada ya miaka minane.

2. Shilingi 25,000 ambazo hazikui.

Malipo yalipoanza 2011 hayakufika 25,000 kwa mwezi; yakaongezwa kidogo kidogo hadi kiasi hicho, kisha yakasimama. Oktoba ya mwaka ule wa 2011 mfumuko wa bei ulivuka asilimia 30. Hadi leo ni 25,000. Toka wakati ule bei zimepanda karibu mara mbili, maana yake sehemu kubwa ya ruzuku imeliwa bila mtu yeyote kusimama Bungeni na kusema anaikata.

Nina jirani, mzee wa miaka 86, fundi wa reli tangu enzi za Jumuiya ile ya kwanza iliyovunjika 1977. Siku ya malipo mara nyingi mimi ndiye ninayempeleka. Boda kwenda na kurudi ni 8,000, maana kwa umri wake hapandi pikipiki ya watu watatu. Mara ya mwisho tulifika saa mbili asubuhi. Saa saba mashine ikakataa kidole chake. Wakajaribu gumba, wakajaribu cha shahada, kulia, kushoto. Mtoto wa watu akampangusa kwa kitambaa, akampaka vaselini, akajaribu tena. Mikono iliyokaza mataruma miaka 30 haina tena alama za kusomwa. Yule mzee akamwambia, kwa upole kabisa: "Mwanangu, alama zangu ziko kwenye reli." Watu wakacheka. Tulirudi bila pesa, tukaambiwa tuje wiki ijayo, na wiki ijayo ni 8,000 nyingine.

Sasa nilinganishe na mimi. Pensheni yangu ya ualimu inalindwa na Katiba ya 1995, kifungu cha 254. Kinasema isikatwe kodi, ipitiwe mara kwa mara kufuatana na thamani ya pesa, ilipwe kwa wakati, na mstaafu aipate kwa urahisi. Serikali haikukosea kuandika hivyo. Lakini soko la kwetu ni moja. Kilo ya sukari haimuulizi mnunuzi kama alikuwa mtumishi wa umma au mkulima wa muhogo. Kwa nini thamani ya pesa yangu ipitiwe na ya yule mzee isipitiwe?

3. Kadi ya mama.

Hili ni langu binafsi, mnisamehe nikilikalia.

Mama yangu hakwenda shule. Mwaka 2014, wakati wa uandikishaji wa vitambulisho, karani alimuuliza alizaliwa lini, mama akaeleza kwa njia ya wazee: nani alikuwa chifu, njaa gani ilikuwepo. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Karani akamtazama usoni akaandika 1948. Mama alikuwa bado na nguvu, pengine alidhani anamsifu.

Kadi yangu mimi inasema 1962, na ni sahihi, nina cheti cha ubatizo. Kwa hesabu ya Serikali, basi, mama alinizaa akiwa na miaka 14. Haya, yawezekana. Lakini mimi ni mtoto wa tatu. Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alizaliwa 1957, na kadi yake ilisema hivyo hivyo. Kwa hiyo kompyuta moja, ya Serikali moja, inaamini kwamba mwanamke huyu alijifungua akiwa na miaka tisa. Nimefundisha darasa la nne kutoa namba nne kwa namba nne. Nimepeleka hesabu hii mezani mara tatu. Nimeambiwa nilete ushahidi wa kuzaliwa kwake: cheti, au mtu mzima aliyekuwepo. Aliyekuwepo mwaka 1940! Nikamuuliza karani kama anapokea mashahidi kutoka makaburini.

Mama ana miaka 85. Kwenye kadi ana 77. Na si peke yake. Nendeni muluka wowote, yaani eneo la vijiji kadhaa chini ya gombolola, keti chini ya mwembe wa LC1, baraza la kijiji, uliza ni bibi gani umri wake uliandikwa kwa kukisiwa. Watakaonyoosha mkono ni wengi. Kosa la tarehe kwa kijana ni usumbufu. Kwa mzee ambaye mlango wake umewekwa kwenye 80, kosa la miaka minane ni ruzuku yote.

4. Eti hawakuchangia.

Hili nimeambiwa na mtu msomi, kwenye kilabu ya wastaafu: mfuko wa NSSF, ule wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, ni wa waliochangia, mwajiri asilimia 10, mfanyakazi 5, na kila mtu huvuna alichopanda. Wakulima na wachuuzi hawakupanda.

Yule fundi wa reli ana mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda. Ndani yake zimo tiketi za musolo, kodi ya kichwa, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka hadi 2005 ilipofutwa. Za juu zimekuwa njano, za chini zinakatika ukizigusa. Bado anazihifadhi, kwa sababu kizazi chake kilifunzwa kwamba ukikamatwa barabarani bila tiketi unalala mahabusu. Ninyi mlio na umri wangu mnakumbuka alfajiri za msako, wanaume wazima wakikimbilia kwenye vinamasi. Kodi ile ndiyo iliyolipa makarani wa gombolola, na darasa nililofundishia mwanzoni liliezekwa mabati kwa pesa hizo. Leo musolo haupo, lakini bibi anayenunua sabuni analipa VAT ya asilimia 18, na mjukuu akimtumia pesa kwenye simu, siku ya kuzitoa anakatwa asilimia 0.5. Hiyo yote ni michango. Wenye daftari ndio waliosahau kuandika jina la mchangiaji.

5. Matibabu. Nitapita haraka, wengine wamelisema vizuri zaidi yangu. Tangu 2001 hospitali za Serikali hazitozi ada, na ni kweli hazitozi. Wanakuandikia dawa, unakwenda kununua nje. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021. Haujawa sheria. Mzee anayepata 25,000 akiugua shinikizo la damu, ruzuku yake ni ya duka la dawa, hana haja ya kufika nayo nyumbani.

6. Hisani badala ya sheria.

Haya matano yote yanaota kwenye mzizi huu mmoja. Ruzuku ya wazee ni fungu la bajeti. Haina sheria yake inayosema mzee wa umri fulani ana haki ya kiasi fulani, kinachopanda kwa kanuni fulani. Mwaka wenye pesa inakuja, mwaka mgumu inachelewa, miezi inarundikana, kisha inakuja kwa mafungu na watu wanapiga vigelegele kana kwamba ni zawadi. Katika malengo ya taifa ya Katiba imeandikwa kwamba Serikali itaweka utaratibu unaofaa wa ustawi na matunzo ya wazee. Sasa, lengo ni lengo. Huwezi kulipeleka dukani.

Waheshimiwa, najua mtakayonijibu. Niruhusuni niyatangulie.

Mtasema hata matajiri wameshindwa. Ni kweli kwamba mataifa ya ustawi yana hofu. Japani karibu watu watatu katika kila kumi wamevuka miaka 65, na wanaofanya kazi kuwalipia wanapungua. Ufaransa mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kupandisha umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64, barabara zikajaa watu. Lakini ugonjwa ule ni wa nchi iliyozeeka. Sisi karibu nusu yetu ni watoto chini ya miaka 18, na wenye miaka 65 na zaidi hawafiki watano katika kila mia. Kusema Uganda haiwezi kuwalipa wazee kwa sababu Japani inapata taabu ni sawa na kumnyima mtoto uji kwa sababu babu yake ana kisukari. Ila kuna onyo ndani yake, na mimi naligeuza upande wenu: vijana wote hawa watazeeka. Hao waendesha boda wanaojaa stendi ya Jinja leo, wasio na NSSF wala pensheni, mwaka 2060 watakuwa wazee kwa mamilioni. Kanuni hutungwa wakati wazee ni wachache na gharama ni ndogo, kama mnavyochimba mfereji kabla ya mvua. Sheria ya NSSF iliyorekebishwa 2022 imefungua mlango wa akiba ya hiari na kuwabana waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Hapo nawapongeza bila unafiki. Lakini asiye na mwajiri wala ziada ya kuweka bado yuko nje uani.

Mtasema pesa hazipo. Basi tuingie darasani kidogo. 25,000 mara miezi 12 ni 300,000. Wazee 100,000 ni bilioni 30. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa trilioni 72. Bilioni 30 ndani ya trilioni 72 ni kama shilingi 4 katika kila 10,000. Tufanye sasa kwa ukarimu wa kubuni: wazee milioni moja, kila mmoja 50,000 kwa mwezi. Inakuwa bilioni 600 kwa mwaka, shilingi 83 katika kila 10,000. Si pesa kidogo, sitadanganya. Lakini Parish Development Model, mpango wa Serikali wa kukopesha wananchi muluka kwa muluka, inapeleka milioni 100 katika kila muluka, na miluka iko 10,594. Zidisheni wenyewe: ni zaidi ya trilioni moja kwa mwaka. Wakati wa kuizindua, 2022, sikusikia afisa yeyote akimuuliza mtu pesa zitatoka wapi.

Mtasema ile ni mikopo, itarudi. Na kweli kwenye mradi ule wazee nao wanakaribishwa wakope milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Nilimuuliza fundi wa reli kama angependa. Akaniuliza mbuzi hao atawakimbiza na miguu ya nani.

Mtasema madeni. Riba ya madeni hulipwa kabla ya chaki na kabla ya dawa, naelewa, anayekopa hana budi kulipa. Lakini wizara hiyo hiyo inachapisha kila mwaka ripoti ya kodi iliyosamehewa. Kila msamaha ule una jina la anayefaidika na sababu kwamba ataleta ajira. Ningependa siku moja kumwona mmoja wao akipimwa alama za vidole.

Mafuta ya Bunyoro siyasemi sana. Tumeyasubiri tangu 2006, na mwenye njaa hapewi ahadi ya mavuno ya shamba la jirani. Yakija, Mfuko wa Petroli upo tayari kisheria tangu 2015, na Bunge linaweza kuamua sehemu ya wazee kabla pipa la kwanza halijatoka, maana baada ya hapo wasemaji watakuwa wengi.

Kwa hiyo ninaomba haya:

(a) Muswada wa ruzuku ya uzee upelekwe Bungeni, wenye umri, kiasi na kanuni ya kupanda kwa bei, ili isiwe tena hisani ya mwaka kwa mwaka.

(b) Umri ushuke hadi 75 kwanza, kisha 70, kwa ratiba iliyotangazwa. Siombi 65 kesho. Naijua hesabu.

(c) Kiasi kipitiwe kama pensheni yangu inavyopaswa kupitiwa. Kwa bei za leo, pungufu ya 50,000 haielezeki.

(d) Kamati ya muluka, yenye LC1, kiongozi wa dini na wazee wawili, ipewe mamlaka ya kusahihisha umri bila malipo, kwa kutumia umri wa watoto waliomo kwenye kompyuta hiyo hiyo. Na pale kidole kinapokataa, kadi na uso wa mtu vitoshe.

(e) Kila robo mwaka orodha ya waliolipwa, idadi na jumla yake, ibandikwe ukutani gombololani. Tuliona mwaka 2012 pensheni za watu hewa zilivyotafuna mabilioni. Marehemu wasilipwe tena kabla ya walio hai.

Nitangoja siku 60 tangu tarehe ya barua hii kuwafikia. Siendi mahakamani, sina pesa ya wakili, na siandamani, magoti yananiuma. Nitaandika tena tu, na safari ijayo nitaambatisha hesabu ya muluka mzima, bibi kwa bibi, umri wa kadi na umri wa mtoto wake wa kwanza. Nimeshaanza. Hadi Jumapili iliyopita nimefika nyumba 41.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu, Walukuba, Jinja

(Jina kamili na namba ya simu viko kwenye nakala zilizopelekwa ofisini. Nakala za barua zangu tatu za mwanzo ninazo, mbili zina muhuri wa kupokelewa.)